Mla nyama wangu ana mwili wa 6, mbona anakufa njaa?

SWALI: Assalaam aleikum. Tunacheza Evolution, mchezo wa kadi wa kukuza spishi za wanyama, watu wanne barazani kwetu Langoni, Lamu: mimi, mke wangu, shemeji yangu na mpwa wangu wa miaka 13. Mimi napenda mla nyama. Naanza naye mapema, namkuza hadi mwili wa 6, na kwa raundi moja au mbili meza nzima inamwogopa. Ikifika raundi ya nne amekufa njaa. Mpwa wangu anafuga vijinyama vidogo vinavyokula majani, na ndiye anayeshinda. Nifanye nini mnyama wangu asife? Halafu shemeji anadai kwamba mla nyama akikosa windo anaruhusiwa kula majani. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. La shemeji kwanza, maana ni fupi: si kweli. Spishi ikishawekewa kadi ya Mla Nyama haili jani, hata dimbwi, pale katikati ya meza yanapowekwa majani ya wote, liwe limefurika na yeye yu taabani. Njia za uchochoroni nazo zimefungwa. Shingo Ndefu haimfai, kwa kuwa inachotoa ghalani ni majani. Jirani yake mwenye Ushirikiano, kadi inayomlisha aliye kulia kila mwenye nayo anapokula, akichukua jani, mla nyama aliye kulia kwake hapati kitu. Akikosa windo raundi nzima, mwisho wa raundi idadi yake, yaani hesabu ya wanyama wa spishi hiyo, inashuka hadi sifuri na ubao wake unaondoka mezani. (Majina ya kadi nimeyaweka kwa Kiswahili, kadi yenyewe utaitambua kwa kazi yake. Nachukulia pia kwamba mna toleo la North Star Games la 2014, lenye kadi 129. Mchezo wa Kirusi wa 2010 uliolizaa huamua chakula kwa dadu, na Climate ya 2016 ina joto na baridi, kwa hiyo baadhi ya hesabu za hapa hazitawiana nazo.)

Sasa mnyama wako. Hesabu kadi ulizomlipia. Kila spishi inazaliwa na idadi 1 na mwili 1, na kupandisha mwili hatua moja ni kutupa kadi moja. Mwili wa 6 basi umekula kadi 5. Ongeza kadi ya Mla Nyama yenyewe, zinakuwa 6. Raundi ya kwanza unagawiwa kadi 4, yaani 3 pamoja na 1 kwa kila spishi uliyonayo, na moja kati ya hizo lazima iende dimbwini. Raundi ya pili, ukiwa bado na spishi moja, hali ni ile ile. Kwa hiyo kila kadi uliyobaki nayo kwa raundi mbili imeishia kwa mnyama mmoja mwenye idadi ya 1. Halafu shemeji anaweka kadi moja tu ya Kupanda, ambayo mwenye nayo hashambuliwi ila na mpandaji mwenzake, na zako sita zinalala. Ni sawa na mtu aliyeuza shamba akanunua jahazi, akabaki hana hela ya nyavu.

Tatizo la pili liko tumboni. Mnyama hula kwa kadiri ya idadi yake, si ya mwili. Mwenye mwili wa 6 na idadi ya 1 akiangusha windo la mwili wa 4 anachukua nyama 1 tu, kwa kuwa ndiyo nafasi aliyonayo. Na mchezo ukiisha, mwili hauhesabiwi kabisa. Pointi ni chakula kilichomo kifukoni mwako, idadi ya spishi zako zilizo hai, na kadi za sifa (kama Mla Nyama) zilizo juu ya spishi hizo. Mwili ni gharama ya kazi: unausaidia uwindaji, unakukinga usiwindwe, na ukiwa na kadi ya Mafuta unaamua ni chakula kiasi gani utaweka akiba. Zaidi ya hapo ni pambo.

Kadi zile zile 6 ungeweza kuzitumia hivi: moja Mla Nyama, moja Uwindaji wa Kundi, moja kupandisha mwili hadi 2, na tatu kupandisha idadi hadi 4. Uwindaji wa Kundi unajumlisha idadi na mwili wakati wa kushambulia, kwa hiyo 4 na 2 zinakuwa 6. Nguvu ya meno ni ile ile uliyokuwa nayo, lakini sasa tumbo ni la 4 badala ya 1, na kadi tatu zilizokuwa zikipotea mwilini zimegeuka kuwa idadi ambayo ina pointi. Ubaya wake ujue mapema. Hesabu hiyo inafanya kazi ukishambulia tu. Mla nyama mwingine akikujia anaukuta mwili wa 2. Na kila idadi inaposhuka, kwa njaa au kwa pembe za mwenzio, nguvu ya kuwinda inashuka nayo papo hapo.

Mpwa wako, kwa kujua au kwa bahati, anakutegea mtego mwingine. Nyama unayopata ni sawa na mwili wa windo. Vijinyama vyake vina mwili wa 1, kwa hiyo kila shambulio linakupa kipande kimoja na linakula zamu yako nzima. Mwenye idadi ya 4 anahitaji kushambulia mara nne ili ashibe, wakati wenzako nao wanakula kila zamu inapopita. Ukiona meza yote ina miili ya 1 na 2, hapo hakuna kazi ya mla nyama. Soko lake ni meza ambayo watu wameanza kunenepesha wanyama ili kujikinga, au kwa ajili ya Mafuta. Windo la mwili wa 3 lisilo na kinga ni nyama 3 kwa zamu moja, kasi ambayo mla majani wa kawaida haipati.

Kwa nini basi uharakishe? Mla Nyama ndiyo kadi iliyo nyingi kuliko zote: ziko 17, na kila moja ya sifa nyingine 16 ina kadi 7. Katika kila kadi saba au nane, moja ni ya mla nyama. Itakujia tu. Kinachofaa ni kulea mla majani wa kawaida mpaka afike idadi ya 4 na mwili wa 2 au 3, huku akijaza kifuko chako kila raundi, halafu umgeuze siku ambayo jirani kaacha mlango wazi. Sifa zinawekwa kifudifudi na kufunuliwa wote wakishamaliza, lakini kupanda kwa mwili kila mtu anakuona. Wewe ukipandisha hadi 6 mbele ya macho yao unakuwa umewapigia mbiu wajikinge, na wanaocheza baada yako wanakinga kweli. Idadi ikipanda hakuna anayeshtuka.

Tena angalia zamu. Kialama cha mchezaji wa kwanza kinahamia kushoto kila raundi, na kadi zinachezwa kwa mzunguko huo huo. Raundi unayocheza wa mwisho ndiyo ya kupandisha mwili, kwa sababu aliyekwisha kuweka kadi zake hawezi tena kukujibu. Ukicheza wa mwisho utakula wa mwisho pia, na hilo lina gharama yake ambayo nitaieleza kidogo hapo chini. Kama nyinyi hucheza kadi wote kwa pamoja ili mwende haraka, faida hii haipo. Kwa watu wanne ningewashauri mfuate zamu.

Kinga nazo zina matundu, na mla nyama anaishi kwa kuyajua. Spishi moja inabeba sifa tatu. Yako ya kwanza imeshachukuliwa na Mla Nyama, kwa hiyo una nafasi mbili za kujibu kinga za watu watatu. Usijaribu kumfungua kila mtu. Chagua jirani mmoja.

Kupanda hakuna ujanja nako: anayeweza kumshambulia mpandaji ni mla nyama mwenye Kupanda pia. Gamba Gumu ni hesabu tu, linaongeza kwenye mwili wa mwenye nalo nambari iliyoandikwa kwenye kadi, na hapo ndipo Uwindaji wa Kundi unapolipa. Kundi la Kujilinda linataka mshambuliaji awe na idadi kubwa kuliko ya windo. Mwenye mwili wa 6 na idadi ya 1 hamgusi hata mmoja wao, ila mwenye idadi ya 5 anawapitia. Pembe hazimzuii mtu, zinakutoza idadi 1 kwa kila shambulio. Ukiwa na idadi ya 1 na ukashambulia mwenye pembe, umejiua. Ukiwa na 5 na windo lina mwili wa 4, unapata nyama 4 na kubaki na idadi ya 4, biashara nzuri. Kutegemeana kunamlinda mnyama maadamu aliye kulia kwake ana mwili mkubwa kuliko wake. Basi usihangaike na mdogo, mwandame huyo mkubwa wa kulia, akitoweka mdogo anabaki uchi.

Mlio wa Tahadhari ndio unaochezwa vibaya mara nyingi. Kadi hii inawalinda jirani wa kushoto na wa kulia wa mwenye nayo. Yeye mwenyewe haimlindi. Watu huiweka kwa mnyama wanayemwogopea, na huyo ndiye anayeliwa kwanza. Mpwa wako akiuliza mantiki yake, mwambie afikirie tumbili: anayepiga kelele juu ya mti ndiye aliyejionyesha. Tumbili wa Amboseli wana mlio wao wa chui, wa tai na wa nyoka, na wenzao wanajua waende wapi kwa kila mlio. Utafiti huo ulichapishwa 1980. Mwenye Kuvizia anaupuuza mlio, lakini kinga nyingine zote zinabaki palepale.

Kuchimba ndiko kunakotuleta dimbwini. Mchimbaji hashambuliwi akishashiba, yaani chakula chake kikifikia idadi yake. Kabla ya hapo yuko wazi kama mwingine yeyote. Ukila wa kwanza unamkuta na njaa, ukila wa mwisho unamkuta ameshajifungia shimoni, hasa akiwa na idadi ya 1 au 2. Hiyo ndiyo gharama niliyoitaja ya kucheza mwisho. Lakini dimbwi likiwa kavu mchimbaji hashibi raundi nzima, na kinga yake haina maana.

Na ukavu wa dimbwi uko mikononi mwako. Kila kadi ina nambari ya chakula, na nyingine ziko chini ya sifuri. Kila mchezaji anaweka kadi moja kifudifudi, zinafunuliwa pamoja na kujumlishwa. Wanne wakiweka 5, 3, 4 na -2, dimbwi linapata 10. Mtu anayetegemea nyama akiweka nambari kubwa anawalisha wapinzani wake kwa mkono wake mwenyewe. Weka yako ndogo kabisa. Ila usikaushe raundi mbili mfululizo bila kufikiri: wala majani wakikosa, idadi zao zinashuka, wengine wanatoweka, na raundi inayofuata wewe ndiye usiye na windo. Ulivyoeleza kifo cha raundi ya nne, yaelekea hiki nacho kina mkono.

Kabla ya kuchagua kadi ya dimbwi, hesabu midomo. Jumlisha idadi za wala majani wote mezani. Ikiwa ni 14 na unadhani dimbwi litapata kama 10, vinne vitakosekana, na suala linakuwa nani atakosa. Hapa ndipo ushindi wa mpwa wako unapopatikana. Kila zamu mtu analisha spishi moja, na mnyama wa kawaida anachukua jani moja. Sasa weka mnyama mwenye Ushirikiano, idadi 2, na kulia kwake mwenye Malisho, idadi 4. Wa kwanza akichukua jani 1, jirani wa kulia anapata lake, na kwa kuwa Malisho huongeza jani moja kila anapokula, anachukua 2. Zamu moja, majani 3. Dimbwi lina 10, na yeye ndiye wa kwanza: anachukua 3, nyinyi watatu mnachukua moja moja, yanabaki 4. Anachukua 3 tena. Limebaki moja, anachukua anayemfuata. Mpwa kapata 6, mmoja wenu 2, wengine 1 kila mmoja, na miili ya wanyama wake bado ni ya 1.

Mfumo huo hauvunjwi kwa kumla yule wa kulia aliyenona. Mvunje wa kushoto, mwenye Ushirikiano, kwa kuwa idadi yake ni ndogo na ndiye anayefungua mlango. Spishi ya katikati ikitoweka pengo linazibwa, wa pembeni wanasogea, na mpango wake wote wa nani yuko kulia kwa nani unaharibika. Spishi mpya huwekwa mwisho wa safu tu, kushoto au kulia, haichomekwi katikati, kwa hiyo kurekebisha kunamgharimu raundi.

Na mnyama wako akikosa soko, mvue kadi. Wakati wa kucheza kadi unaruhusiwa kubadilisha sifa iliyoko juu ya spishi kwa kuweka nyingine mahali pake. Ukiona watatu wote wamejikinga, weka Malisho juu ya Mla Nyama na raundi hiyo hiyo anakula majani. Umepoteza kadi moja, umeokoa idadi ya 4. Wengi wanamng'ang'ania mla nyama mpaka anakufa kwa sababu tu walimgharimia. Akifa kweli, unavuta kadi moja kwa kila sifa aliyokuwa nayo, na chakula kilichokwisha kuingia kifukoni hakiguswi. Si msiba mkubwa katika raundi ya tatu. Katika ya mwisho ni hasara tupu.

Raundi ya mwisho inajulikana: kadi zikiisha wakati wa kugawa, hiyo ndiyo. Kwa wanne wenye spishi 1, 2, 3, 3 na 4 kila mmoja katika raundi tano za kwanza, mtakuwa mmegawa 16, 20, 24, 24 na 28, jumla 112. Zinabaki 17, hazitoshi kugawa ya sita, basi ya sita ndiyo ya kufunga. Zikitoweka spishi kadhaa, kadi za fidia zinaweza kusogeza mwisho karibu zaidi. Kuanzia raundi ya nne tupia jicho unene wa rundo.

Ukifika hapo hesabu inabadilika. Kadi ya sifa kwenye nafasi tupu ni pointi 1 ya uhakika maadamu mnyama atakuwa hai, hata kama kazi ya sifa hiyo haina maana kwake tena. Kadi ya kupandisha idadi ni pointi 2 akishiba, moja ya idadi na moja ya chakula, na ni sifuri akikosa. Kwa hiyo jaza nafasi za sifa kwanza, kisha pandisha idadi ya yule tu unayejua atalipata jani lake. Kupandisha mwili ni kutupa kadi, isipokuwa kama kunamwezesha mla nyama kumfikia windo fulani unayemwona pale mezani.

La vifaa, kwa kuwa mnacheza barazani: majira ya kusi kadi zilizolala kifudifudi hufunuka, na siri ya dimbwi inatoka. Chezeni ukumbini, au wekeni komwe ya bao juu ya kila kadi. Komwe hizo zinafaa pia badala ya vialama vya idadi na mwili vikipotea, na kunde kwa maharage mekundu vinatosha kwa majani na nyama. Unyevu wa chumvi unazikunja kadi upesi, zivalisheni mifuko ya plastiki ya kadi na msiziache nje usiku.

Jambo moja hukuuliza lakini litakufaa. Mla nyama anaruhusiwa kumla mnyama wako mwenyewe, kwa masharti yale yale ya mwili na kinga. Kama una spishi ya pembeni yenye idadi 1, haijala, na dimbwi limekauka, mwisho wa raundi itatoweka hata hivyo. Mle. Unapata nyama kwa kadiri ya mwili wake, na kadi moja kwa kila sifa aliyokuwa nayo.